Kereng'ende wa Amani na ng'amba: ulinganisho wa spishi mbili zilizo hatarini

Kereng'ende wa Amani (jina la kisayansi: *Amanipodagrion gilliesi*) na ng'amba (*Eretmochelys imbricata*) ni spishi mbili za wanyama ambazo Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira (kifupi: IUCN) umeziweka katika daraja moja la hatari, yaani "hatarini sana". Wa kwanza ni mdudu mwembamba anayejulikana kutoka kijito kimoja cha milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wa pili ni kasa anayepatikana katika bahari za joto duniani kote, pamoja na ile inayopakana na mkoa huohuo wa Tanga.

Kwa kuwa wanyama hawa wako katika daraja moja, ni rahisi kudhani kwamba tatizo lao ni moja na dawa yao ni moja. Sivyo. Kereng'ende wa Amani yuko hatarini kwa sababu makazi yake ni madogo mno, na ng'amba yuko hatarini kwa sababu amepungua mno katika eneo kubwa mno. Hatari hizo mbili huenda kwa mwendo tofauti, huonekana kwa namna tofauti, na huzuiwa kwa njia tofauti.

## Maana ya daraja la "hatarini sana"

IUCN ilianzishwa mwaka 1948, na tangu mwaka 1964 inatunza Orodha Nyekundu, yaani orodha ya spishi za wanyama, mimea na kuvu pamoja na hali ya kila moja. Hapo mwanzo wataalamu waliipangia spishi daraja kwa maoni yao. Tangu mwaka 1994 hutumika vigezo vyenye tarakimu, ili watu wawili wanaotazama takwimu zilezile wafikie uamuzi uleule. Madaraja ya hatari ni matatu: "dhaifu", "hatarini" na "hatarini sana". Baada ya hapo kuna daraja la spishi zilizotoweka porini, na la mwisho ni la zilizotoweka kabisa.

Vigezo ni vitano, na spishi huingia katika daraja kwa kutimiza kimoja tu. Kwa daraja la "hatarini sana" vigezo hivyo kwa ufupi ni hivi:

* Kigezo A (kupungua): idadi imepungua kwa asilimia 80 au zaidi ndani ya miaka 10 au vizazi vitatu, kutegemea muda upi ni mrefu zaidi.
* Kigezo B (udogo wa eneo): eneo lote la uenezi halifiki kilomita za mraba 100, au sehemu inayokaliwa hasa haifiki kilomita za mraba 10, tena spishi iko mahali pamoja tu au imegawanyika vipandevipande, na hali inaendelea kuharibika.
* Kigezo C (uchache pamoja na kupungua): wanyama wazima hawafiki 250, na bado wanapungua.
* Kigezo D (uchache mno): wanyama wazima hawafiki 50.
* Kigezo E (hesabu ya uwezekano): mahesabu yanaonyesha uwezekano wa asilimia 50 au zaidi wa kutoweka porini ndani ya miaka 10 au vizazi vitatu.

Kereng'ende wa Amani aliingia katika daraja hili kwa mlango wa kigezo B, na ng'amba kwa mlango wa kigezo A. Ni kama wagonjwa wawili waliolazwa wodi moja: wote wako mahututi, lakini hawapewi dawa moja.

## Kereng'ende wa Amani

### Jina na uainishaji

Kereng'ende wamegawanyika katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza (Anisoptera) ni la wale wanene wenye macho makubwa yanayokaribiana, ambao wakitua huacha mabawa yamekunjuka. Kundi la pili (Zygoptera) ni la wale wembamba kama njiti, wenye macho yaliyotengana, ambao wengi wao hukunja mabawa juu ya mgongo wanapotua. Kereng'ende wa Amani ni wa kundi hili la pili.

Spishi hii ilielezwa kisayansi mwaka 1962 na Elliot Pinhey, mtaalamu wa wadudu aliyefanya kazi katika makumbusho ya Bulawayo. Jina la jenasi linatokana na Amani. Jina la spishi ni heshima kwa M. T. Gillies, mtafiti wa mbu waenezao malaria aliyefanya kazi hapo Amani. Katika jenasi *Amanipodagrion* hakuna spishi nyingine. Zamani jenasi hii iliwekwa katika familia Megapodagrionidae, lakini siku hizi imepewa familia yake peke yake, Amanipodagrionidae. Kwa hiyo spishi hii moja ikitoweka, familia nzima itakuwa imetoweka.

Kwa Kiswahili mdudu huyu hana jina la asili linalomtofautisha na kereng'ende wengine. "Kereng'ende wa Amani" ni jina la kumweleza tu.

### Maisha

Kama kereng'ende wote, mdudu huyu anaishi maisha mawili. Jike hutaga mayai karibu na maji au ndani yake. Kwa kereng'ende wembamba kwa kawaida mayai hutiwa ndani ya sehemu laini za mimea. Yai likianguliwa hutoka tunutu, yaani mdudu mchanga asiye na mabawa, ambaye huishi chini ya maji. Tunutu wa kereng'ende wembamba huwa na matamvua, kwa kawaida matatu, mwishoni mwa mwili, ambayo humsaidia kufyonza oksijeni iliyoyeyuka majini. Ana pia mdomo wa chini unaokunjuka ghafla kama mkono ili kunasa mawindo. Akishakua, tunutu hupanda juu ya jani au jiwe, ngozi yake hupasuka mgongoni, na mdudu mzima mwenye mabawa hutoka. Maisha ya hewani ni mafupi: kwa kereng'ende wembamba walio wengi ni majuma machache tu, ambamo lazima apate mwenzi na kutaga.

### Makazi

Kereng'ende wa Amani anahitaji kijito cha msituni chenye maji safi, yanayotiririka, na chenye kivuli. Usambara Mashariki ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, ambayo hupokea mvua kutokana na pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Misitu yake ni ya kale sana na ilitengana na misitu mingine ya Afrika kwa muda mrefu, ndiyo maana ina viumbe wengi wasiopatikana mahali pengine popote. Maua ya *Saintpaulia*, yanayopandwa katika vyungu majumbani kote duniani, asili yake ni milima hii na jirani zake.

Kereng'ende wa Amani anajulikana kutoka kijito kimoja katika msitu wa Amani-Sigi. Mwaka 2012 IUCN na Shirika la Zoolojia la London walitoa orodha ya spishi 100 zilizo karibu zaidi na kutoweka duniani. Kereng'ende huyu alikuwemo, na idadi yake ilikadiriwa kuwa chini ya 500.

### Vitisho

Hakuna anayemwinda kereng'ende wa Amani. Haliwi, hauzwi, wala haogopwi. Kinachomtishia ni mabadiliko ya kijito chake:

* Kupotea kwa kivuli. Miti ya kando ya maji ikikatwa, jua hufika kijitoni, maji hupata joto, na maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo. Tunutu ndiye anayeumia kwanza.
* Tope. Udongo ukimomonyoka kutoka mashambani, hufunika mawe na majani ambamo tunutu hujificha na kuwinda.
* Uchafu na sumu. Sabuni, mbolea na dawa za kuua wadudu huingia kijitoni kwa mvua ya siku moja.
* Kupungua kwa maji. Kijito kikikauka hata kwa msimu mmoja, kizazi kizima cha tunutu hufa.

Historia ya Amani inaonyesha kwamba vitisho hivi si vya kubuni. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilianzisha hapo taasisi ya utafiti wa kilimo na bustani kubwa ya mimea. Mti *Maesopsis eminii*, ulioletwa na kupandwa katika eneo hilo, umeenea ndani ya msitu wa asili. Baadaye yalifuata mashamba ya chai, kilimo cha iliki chini ya miti, na uvunaji wa mbao kwa mashine hadi miaka ya 1980. Mwaka 2003 na 2004 wachimbaji wadogo wa dhahabu waliingia kwa wingi katika Usambara Mashariki, wakachimba na kuosha mchanga katika vijito. Kwa mnyama mwenye kijito kimoja, tukio la namna hiyo likitokea mahali pabaya linatosha kummaliza.

## Ng'amba

### Umbo na jina

Ng'amba ni mmoja wa spishi saba za kasa wa baharini duniani. Spishi tano kati ya hizo huonekana katika maji ya Tanzania na Kenya. Ng'amba hutambulika kwa mdomo wake uliochongoka kama wa mwewe, na kwa magamba ya mgongoni yanayopandana kama vigae vya paa. Gamba la mgongo kwa kawaida huwa na urefu wa sentimita 60 hadi 90, na uzito wake mara nyingi ni kati ya kilo 45 na 70. Jina la kisayansi lilitolewa na Carl Linnaeus mwaka 1766; neno *imbricata* linahusu huko kupandana kwa magamba.

Tofauti na kereng'ende wa Amani, mnyama huyu ana jina lake katika lugha ya watu wa pwani. Wavuvi hawamchanganyi ng'amba na kasa wa kijani (*Chelonia mydas*), ambaye ndiye kasa wa kawaida zaidi katika maji yetu.

### Maisha

Ng'amba huishi hasa kwenye miamba ya matumbawe. Mdomo wake mwembamba humwezesha kufikia nyufa za matumbawe na kula sifongo, wanyama laini wanaojishikiza mwambani. Sifongo nyingi zina sumu na miiba midogo kama vipande vya kioo, lakini ng'amba huzila bila kudhurika. Kwa kuzila huyapa matumbawe nafasi ya kukua.

Ng'amba hukua polepole mno. Huanza kuzaa akiwa na umri wa miaka 20 hadi 40. Jike hatagi kila mwaka, bali baada ya miaka miwili hadi minne. Katika msimu wa kutaga hupanda ufukweni usiku mara kadhaa, kila baada ya majuma mawili hivi, na kila mara hufukia mayai zaidi ya mia moja. Mayai huanguliwa baada ya miezi miwili hivi. Jinsia ya watoto huamuliwa na joto la mchanga: karibu na nyuzi 29 za selsiasi hutoka majike na madume kwa idadi inayokaribiana, joto likizidi hutoka majike wengi, na likipungua hutoka madume wengi. Ng'amba hupenda kuchimba kiota chini ya vichaka na miti ya ufukweni kuliko mahali pa wazi.

Watoto wengi huliwa na kaa, ndege na samaki. Hukadiriwa kuwa ni mmoja hivi kati ya elfu moja anayefikia utu uzima. Kwa hiyo ng'amba mzima ni mali iliyochukua miongo mingi kupatikana.

### Biashara ya magamba

Magamba ya ng'amba yana rangi ya kahawia, njano na nyeusi zilizochanganyika, na yakipashwa joto hukunjika na kuunganika. Kwa sababu hiyo yamefanyiwa vitana, vikuku, visanduku na fremu za miwani tangu zamani.

Pwani ya Afrika ya Mashariki ilikuwa katika biashara hii mapema sana. *Periplus ya Bahari ya Eritrea*, kitabu cha mwongozo wa wafanyabiashara kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK, kinataja magamba ya kasa pamoja na pembe za ndovu kati ya bidhaa za bandari ya Rhapta. Mahali pa Rhapta bado panajadiliwa na wanahistoria, na bonde la mto Pangani ni mojawapo ya sehemu zilizopendekezwa. Kitabu hicho kinaeleza pia jinsi watu wa kisiwa cha Menouthias walivyotega kasa kwa vikapu.

Biashara ilifikia kilele katika karne ya 20, na soko kubwa lilikuwa Japani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba ng'amba karibu milioni 9 waliuawa kwa ajili ya biashara ya kimataifa ya magamba kati ya mwaka 1844 na 1992. Tangu mwaka 1977 spishi yote imo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, kinachokataza biashara ya kimataifa ya viumbe hao. Japani iliacha kuagiza magamba mwishoni mwa mwaka 1992.

### Vitisho vya leo

Katika pwani ya Tanzania kasa hufa hasa katika nyavu. Jarife, wavu wenye macho makubwa unaotegwa kwa ajili ya papa na taa, humshika kasa na kumzamisha, kwani hupumua kwa mapafu na lazima apande juu kuvuta hewa. Vitisho vingine ni kuchukuliwa kwa mayai, kuharibiwa kwa matumbawe, ujenzi na taa za ufukweni, taka za plastiki, na kupanda kwa joto na kina cha bahari. Uvuvi wa baruti, uliokithiri mkoani Tanga kwa miongo mingi, uliharibu miamba ambamo ng'amba hula.

Nyama ya kasa nayo ni hatari kwa binadamu, kwa kuwa wakati mwingine huwa na sumu isiyoondolewa kwa kupikwa. Machi 2024 watu tisa, wanane kati yao wakiwa watoto, walifariki katika kisiwa cha Panza, Pemba, baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 walilazwa hospitalini.

## Wanavyofanana

Mdudu mwenye uzito usiofikia wa karatasi na kasa wa kilo 60 wanaonekana kuwa mbali sana, lakini wana mambo mawili muhimu yanayowaunganisha.

La kwanza ni kwamba wote wawili wanaishi pande mbili za mpaka wa maji. Kereng'ende hukulia majini na kuzaa akiwa hewani. Ng'amba hukulia baharini na kutaga nchi kavu. Mnyama wa namna hii anahitaji makazi mawili yaliyo salama kwa wakati mmoja. Kuhifadhi msitu bila kijito hakumsaidii kereng'ende, na kuhifadhi matumbawe bila ufukwe hakumsaidii ng'amba.

La pili ni kivuli. Miti ya kando ya kijito hupoza maji ya tunutu. Miti na vichaka vya ufukweni hupoza mchanga wa kiota na kushikilia ufukwe wenyewe usichukuliwe na mawimbi. Katika hali zote mbili mnyama hali miti hiyo wala haishi juu yake, kwa hiyo anayeikata haoni kwamba anamdhuru mnyama yeyote.

### Mfano wa kisiwa cha Maziwe

Kisiwa cha Maziwe kiko baharini karibu na Pangani. Umbali wake kutoka Amani, kwa mstari ulionyooka, haufiki kilomita 80. Hadi miaka ya 1970 kilikuwa kisiwa kidogo cha mchanga chenye mivinje, na kilihesabiwa kuwa mahali muhimu sana pa kutagia kasa katika Afrika ya Mashariki: kasa wa kijani, ng'amba na kasa wa spishi *Lepidochelys olivacea* walipanda hapo. Miti ilikatwa. Mchanga ulianza kumomonyoka, na kuelekea mwaka 1980 kisiwa kilikuwa kimezama. Siku hizi Maziwe ni fungu la mchanga linaloonekana maji yanapokupwa na kufunikwa yanapojaa.

Sababu za kuzama zinazotajwa ni zaidi ya moja, zikiwemo mawimbi na mabadiliko ya bahari, lakini kukosekana kwa miti kuliuacha mchanga bila kinga. Kasa wa kijani waliendelea kurudi kutaga katika fungu hilo, ingawa mayai yakiachwa hapo hufunikwa na maji ya bamvua. Wahifadhi na wanakijiji wa Ushongo huyafukua na kuyahamishia ufukweni bara, kazi inayopaswa kurudiwa kila msimu kwa ajili ya miti ambayo haipo tena.

## Wanavyotofautiana

| Jambo | Kereng'ende wa Amani | Ng'amba |
|---|---|---|
| Kundi | Mdudu | Mtambaazi |
| Eneo | Kijito kimoja, Tanzania | Bahari za joto duniani kote |
| Kigezo cha hatari | B (udogo wa eneo) | A (kupungua) |
| Umri wa kuzaa | Mara tu baada ya kukua na kupata mabawa | Miaka 20 hadi 40 |
| Anauzwa? | Hapana | Ndiyo, kwa magamba, nyama na mayai |
| Tishio kuu | Kuharibika kwa kijito | Uwindaji wa zamani. Nyavu, mayai na makazi leo |
| Nani anaweza kumwokoa | Kata na wilaya moja | Nchi nyingi kwa pamoja |

### Mwendo wa kutoweka

Tofauti kubwa kuliko zote ni ya muda. Kereng'ende wa Amani anaweza kutoweka katika msimu mmoja. Sumu ikimwagika, au kijito kikikauka, hakuna kundi jingine mahali pengine la kuleta wapya. Kutoweka huko kungekuwa kwa kimya: hakuna mzoga utakaoonekana ufukweni, wala mvuvi atakayesema kwamba hawaoni tena.

Kwa ng'amba mambo ni kinyume. Kwa kuwa huishi miaka mingi, anaweza kuonekana baharini kwa muda mrefu baada ya kizazi chake kukatika. Tuseme katika ufukwe fulani mayai yote yanachukuliwa kila mwaka. Majike wazima wataendelea kurudi kutaga kwa miaka 20 au zaidi, na anayewatazama atasema kasa bado wapo. Upungufu utaonekana pale tu wazee wanapokufa bila vijana wa kushika nafasi zao, na wakati huo itakuwa imechelewa. Ndiyo sababu IUCN hupima kupungua kwa vizazi vitatu, ambavyo kwa ng'amba ni zaidi ya miaka mia moja.

Kwa ufupi, kereng'ende anaweza kupotea kabla hatujatambua, na ng'amba anaweza kuwa anapotea huku tunamwona.

### Kujulikana

Kasa hupendwa. Watalii hulipa ili kuona watoto wake wakikimbilia baharini, na picha yake hutumika katika mabango ya uhifadhi. Wadudu hawana bahati hiyo. Tathmini ya IUCN iliyotangazwa Desemba 2021 ilionyesha kwamba asilimia 16 ya spishi 6,016 za kereng'ende duniani zimo hatarini kutoweka, lakini ni watu wachache wanaoweza kutaja hata moja. Hata hivyo kereng'ende ni kipimo kizuri cha maji. Kijito ambacho tunutu wake wanaishi vizuri ni kijito ambacho maji yake bado yana oksijeni na hayajachafuliwa sana. Mto Sigi, unaopokea maji ya misitu hiyo ya Amani, ndio unaoipatia maji ya matumizi sehemu kubwa ya jiji la Tanga. Mto huohuo ukishuka na tope, tope hilo huishia baharini, ambako matumbawe hayavumilii kufunikwa na udongo.

## Uhifadhi

Kwa kereng'ende wa Amani, hatua kubwa zaidi ilikuwa kuanzishwa kwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani mwaka 1997, yenye eneo la zaidi ya hekta 8,000. Msitu wa Amani-Sigi uliingizwa humo. Lakini maji hayafuati mipaka ya ramani. Vijito vya hifadhi hupita au huanzia karibu na vijiji na mashamba ya chai yaliyoko kwenye uwanda wa Amani, hivyo usalama wa mdudu huyu unategemea pia watu walio nje ya hifadhi: kuacha ukanda wa miti kando ya maji, kutofulia kijitoni, na kutotumia sumu karibu nacho. Hizi ni kazi ndogo, zisizohitaji mkataba wa kimataifa, na zinamfaidi mnywa maji sawa na mdudu.

Kwa ng'amba, hakuna nchi inayoweza kumwokoa peke yake, kwa kuwa anaweza kutaga katika nchi moja na kula katika nyingine. Nchini Tanzania sheria za uvuvi zinakataza kumkamata kasa wa aina yoyote na kuchukua mayai yake. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, na Maziwe ni eneo tengefu la bahari. Viota vya ng'amba nchini ni vichache, na vinajulikana hasa kutoka kisiwa cha Misali huko Pemba na visiwa vya Mafia. Shirika la Sea Sense limewatumia wanavijiji kama walinzi wa viota. Huko Mafia mtu aliyetoa taarifa ya kiota alilipwa, kisha akaongezewa kulingana na watoto walioanguliwa salama. Nchini Kenya, shirika la Local Ocean Conservation la Watamu huwapa wavuvi fidia ndogo wanaporudisha baharini kasa aliyenaswa.

Kwamba juhudi za namna hii huzaa matunda kumeonekana kwa kasa wa kijani. Oktoba 2025 IUCN ilimwondoa katika daraja la "hatarini" na kumweka miongoni mwa spishi zisizo na wasiwasi mkubwa, kwa kuwa idadi yake duniani imeongezeka kwa takriban asilimia 28 tangu miaka ya 1970. Matunda hayo yalichukua miaka hamsini, na hayakufika kila mahali: yapo makundi ya kasa wa kijani ambayo bado yanapungua. Ng'amba bado yuko "hatarini sana", alikowekwa tangu mwaka 1996.

Kwa hiyo mnyama wa eneo dogo anahitaji ulinzi wa haraka, wa karibu na usiokatika hata msimu mmoja. Mnyama wa eneo kubwa na umri mrefu anahitaji ulinzi wa pamoja unaodumu kuliko maisha ya kazi ya mtu mmoja. Mkoa wa Tanga una wajibu kwa wote wawili, na katika milima yake kama katika fukwe zake, kazi inaanza kwa kuiacha miti ya kando ya maji isimame.